Kiti Kimoja cha Mkalimani

Sogeeni, kaeni mnavyopenda. Hadithi hii ninayo nusu tu. Nusu ya pili mnayo ninyi, na nitawadai kabla hatujaachana. Atakayepata jibu mapema namwomba alikalie kwanza, asituharibie utamu.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Udaweda kipaji chake kilikuwa sikio. Alikuwa mjane wa Kidatoga, mtu mzima, mwenye bangili za shaba zilizolia kila aliposogeza mkono. Lugha aliijua moja, Kidatoga, lakini aliijua mpaka vyumba vya uani. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi na kuitikia shikamoo.

Gidahosh kipaji chake kilikuwa ulimi. Naye alikuwa Mdatoga, ila aliondoka nyumbani angali mdogo, akasoma shule ya bweni, kisha akawa mtu wa kuwapandisha watalii Mlima Hanang. Kidatoga alichokuwa nacho kilikuwa cha malishoni, cha wavulana na ndama wao. Kiswahili kilimtiririka. Alikuwa na tabia moja kazini: kufupisha. Mzee akimsimulia habari za mlima kwa kirefu, mikono ikitembea hewani, Gidahosh humgeukia mgeni na kusema, "Anawakaribisha."

Atuganile, binti wa Tukuyu, kipaji chake kilikuwa kubeba. Ukimpa sentensi upande huu ataifikisha upande ule nzima, haijamwagika hata tone. Chuo kikuu alisomea Kichina, kwa sababu siku alipokisikia mara ya kwanza alidhani mtu anaimba. Huyu ndiye tutakayefuatana naye, kwa kuwa ndiye aliyefika hospitali nitakayowatajia akiwa ameegemeza maisha yake yote kwenye mlango mmoja.

Kazi ya kutafsiri alikuwa ameitafuta. Alianzia kwenye duka la vigae Kariakoo, akisimama katikati ya muuzaji na fundi, mpaka tajiri alipoleta simu inayotafsiri yenyewe. "Binti," tajiri akamwambia bila ubaya, "hii haili chakula cha mchana." Akaenda kwa wajenzi wa barabara, wakataka mwenye uzoefu. Akauliza uzoefu huo utapatikana wapi ikiwa kila mlango unaudai kabla hujaingia. Mlinzi wa geti lao akacheka naye, lakini hakufungua. Basi akawa anaokota kurasa: maelekezo ya mashine ya kusaga, onyo kwenye kopo la dawa ya wadudu. Kurasa nazo zikapungua.

Mama yake akapiga simu. Mjomba alikuwa na stoo ya mbolea, alitaka mtu wa kukaa dukani.

"Atu mwanangu, rudi. Lugha haipikwi."

"Niache nijaribu hii moja, mama. Ikishindikana nitarudi."

Hakuichukia mbolea. Aliogopa kitu kingine. Kule Tukuyu hakuna ambaye angemjibu kwa Kichina, na aliujua mdomo wake: lugha isiyojibiwa ingemkauka, neno baada ya neno, mpaka abaki na salamu tu.

Hii moja ilikuwa tangazo la hospitali iliyo katika mji mdogo chini ya Mlima Hanang. Mlinzi wao wa zamani, aliyekuwa akiwasaidia wagonjwa wa Kidatoga, alikuwa amestaafu. Na daktari mgeni kutoka China alikuwa amewasili, bingwa wa upasuaji, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya dawa. Hospitali ikaomba nafasi za wakalimani. Ikapewa nafasi moja, pamoja na meza ndogo na kiti kipya kilichokuwa bado kimefungwa nailoni.

Siku ya usaili waliokuja ni wale watatu. Wakaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya metroni, upepo wa mlimani ukiwapiga miguuni.

"Shikamoo mama," Atuganile akamwambia Udaweda.

"Marahaba," Udaweda akaitikia, na hapo Kiswahili chake kikapumzika.

Gidahosh akamwuliza kwa Kidatoga, akajibiwa, akaanza kucheka. "Dada, nimemwuliza anatafsiri kutoka lugha gani kwenda lugha gani. Anasema kutoka Kidatoga kwenda Kidatoga."

Atuganile akajizuia kucheka, akashindwa kidogo.

"Usaili wake utakuwa mfupi," Gidahosh akaendelea.

Udaweda akataka kujua kimesemwa nini. Gidahosh akamjibu. Udaweda akamtazama, akasema neno, akavuta shuka lake.

"Umemwambia nini?" Atuganile akauliza.

"Kwamba unamtakia heri."

"Na yeye?"

"Anasema mimi mwongo."

Kabla Atuganile hajamaliza kucheka, mlango ukafunguliwa. Metroni, Mama Fabiola, Mwiraqw mwenye mwendo wa haraka, hakuwa na faili lolote mkononi. "Usaili tutaufanya baadaye," akasema. "Njooni wodini, wote."

Kitandani alilala mwanamke kijana. Kwenye cheti alikuwa ameandikwa mke wa Gisamoda, nasi tumwite hivyo hivyo. Mumewe alikuwa mbali na ng'ombe. Aliyemleta ni mama mkwe, aliyekaa kimya karibu na mlango. Uchungu ulikuwa umeanza, na mtoto alikuwa amelala kwa mshazari tumboni. Njia ya kawaida ilikuwa imefungwa. Ilibidi apasuliwe, na isingefaa kungoja hadi jua lipinde.

Lakini kila walipomgusa alijikunja na kusukuma mikono yao. Daktari Wen, yule mgeni kutoka China, alikuwa amejaribu simu yake inayotafsiri. Simu ikatoa Kiswahili cha kishindo, kilichovunjika, na mke wa Gisamoda, ambaye Kiswahili hakukijua hata hicho kizuri, akageukia ukuta.

Daktari akamwona Atuganile, akaanza kueleza. Atuganile akayageuza maneno yale kwa Kiswahili: mtoto hawezi kutoka mwenyewe, tutamtoa sisi, utapewa nusukaputi, utalala, hutasikia maumivu. Gidahosh akayapeleka kitandani.

Mke wa Gisamoda akajibu. Alijibu kwa muda, kwa sauti ya chini, macho yakiwa ukutani.

"Anakataa," Gidahosh akasema.

"Amesema maneno mengi," Atuganile akamwambia taratibu. "Wewe umeleta moja."

Gidahosh akakuna kidevu. "Mengine siyajui, dada. Ni Kidatoga, lakini kimenifungia mlango."

Hapa niwaeleze jambo, msije mkamcheka. Kwa Wadatoga, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake. Wala si jina hilo peke yake. Maneno ya kila siku yanayofanana nalo huyaacha pia, kwa heshima, na mahali pake huweka mengine, ambayo wanawake hurithishana. Mama mkwe akiwa amekaa pale mlangoni, ndiyo kabisa. Gidahosh aliondoka nyumbani kabla ya kuwa mtu wa kukaa na wake za watu. Maneno yale aliwahi kuyasikia, lakini kwa mbali, kama usikiavyo mazungumzo ya chumba cha pili.

Bangili zikalia. Udaweda alikuwa ameshasogea. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wa mke wa Gisamoda juu ya blanketi, akamwambia kitu kwa sauti ya mtu anayeongea na binti yake jikoni.

"Anamwambia aanze upya," Gidahosh akanong'ona. "Anasema, mimi nipo, nakusikia."

Basi wakajipanga. Mke wa Gisamoda kwa Udaweda, Udaweda kwa Gidahosh, Gidahosh kwa Atuganile, Atuganile kwa daktari.

"Jambo moja kabla hatujaanza," Atuganile akasema. "Chuoni tulifundishwa kusema 'mimi'. Akisema tumbo langu, nasi tuseme tumbo langu. Hakuna 'anasema'. Ukishasema 'anasema', umejitoa, na mgonjwa amebaki peke yake."

Gidahosh akamtazama. "Nisimame hapa na ndevu hizi niseme nina mimba?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Udaweda akataka kujua vijana wanabishania nini. Alipoelezwa, akamwambia mke wa Gisamoda, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi yule mwanamke akageuza uso kutoka ukutani kumtazama mwanaume aliyetaka kubeba mimba.

Kisha akasema.

Udaweda akasikiliza kwanza mpaka mwisho. Alisikia yale maneno ya heshima na kuyafungua moja moja, lile la usiku, lile la mtoto, lile la udongo. Lakini alisikia na zaidi ya hapo. Wote mle wodini walikuwa wamesikia mtu anayekataa kisu. Udaweda alisikia kwamba kisu hakikutajwa. Kilichotajwa ni usingizi. Akauliza swali moja tu, kama aliwahi kulazwa hivyo, akajibiwa kwa kichwa. Akayaweka yote kwa Kidatoga cha wazi, kile cha malishoni, ili mvulana wa malishoni ayashike, na kila mahali alisema mimi, mimi, mimi.

Gidahosh akayapokea, na uso wake ukabadilika. Hapo angeweza kufupisha. Ulimi wake ulikuwa umezoea kukata palipo pagumu na kuacha palipo laini. Neno lilikuwa tayari mdomoni, "Ana hofu kidogo," na hakuna ambaye angemshika. Akamtazama mama mkwe, akautazama mlima dirishani, kisha akasema polepole, midomo ikimtetemeka: "Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nikiwa nimelazwa usingizi kama huu. Nilipoamka, walikuwa wamekwisha kumzika. Sikumwona uso. Sijui alifanana na nani. Huyu akiwa hai au akiwa kimya, nataka nimwone. Msinilaze. Mkinilaza mtanificha tena." Alipomaliza akafuta macho kwa mkono wa koti, wala hakutafuta mzaha wa kujifichia.

Atuganile akabaki na sentensi zile mikononi. Kichina chake kilikuwa cha vigae, mashine na dawa ya wadudu. Hakuna aliyewahi kumwomba atafsiri mtoto. Na daktari alikuwa amekwisha kuvaa glavu, akinyoosha kidole kuelekea saa ya ukutani, maana kwake mgonjwa anayesukuma mikono ya watu ni mgonjwa wa kulazwa usingizi, basi. Atuganile akaacha kutafuta maneno makubwa. Akachukua madogo, yale anayofundishwa mtu wiki za mwanzo: mtoto, uso, kuona, sijui. Akasimama mbele ya daktari, akasema, "Mtoto wangu wa kwanza sikumwona uso." Daktari Wen akaduwaa, akidhani binti huyu anazungumza habari zake mwenyewe. Kisha akamtazama aliye kitandani, akaelewa ni nani anayezungumza, akavua glavu, akavuta kigoda na kuketi. Atuganile akamalizia yote, na mwisho akauliza, bado kwa "mimi", kama hakuna njia nyingine.

Njia ilikuwepo. Sindano ya ganzi ya mgongoni. Mama hubaki macho. Lakini sindano ile humtaka mtu ajikunje na kutulia tuli, na daktari hakuwa ameamini kwamba mwanamke huyu angetulia.

Jibu likateremka kwa ngazi ile ile. Atuganile akalibeba. Gidahosh, ambaye Kidatoga chake hakikuwa na neno la ganzi, akafikiri, kisha akamwambia Udaweda: miguu yangu italala peke yake, kama mguu ulioukalia muda mrefu ukikamua ng'ombe, lakini macho yangu hayatalala. Udaweda akalivalisha maneno ya heshima, akalifikisha.

Mke wa Gisamoda akamwangalia mama mkwe. Yule mama akanyanyuka, akaja kumshika mabega ili amsaidie kujikunja.

Alitulia. Hata kope hazikucheza, wauguzi walisema baadaye.

Wakalimani waliruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji, wamevikwa makoti ya kijani na vitambaa mdomoni, upande wa kichwani, nyuma ya pazia. Maneno yalipita: nini kinafanyika sasa, nini kinafuata. Kisha yakaisha, wakangoja. Mtoto alipotolewa alikaa kimya kwa muda ambao Atuganile hakuthubutu kuupima. Kisha akalia, kilio chembamba, cha hasira, na hapakuwa na haja ya mkalimani.

Wakamleta, wakamlaza shavu kwa shavu na mama yake.

Mke wa Gisamoda akamtazama, akasema maneno machache. Udaweda akayasema. Gidahosh akayasema. Atuganile akayasema, kwa Kichina kile kidogo, na kitambaa chake cha mdomoni kililowa.

"Kumbe pua ni yangu."

Sasa hadithi ingeweza kuishia hapa, kama si kile kiti.

Siku iliyofuata Mama Fabiola aliwaita tena. Kiti kilikuwa pale pale, ndani ya nailoni yake. "Usaili mmeshaufanya," akasema, "na mmefaulu wote, ndiyo shida yangu. Nafasi ni moja. Nimebisha hodi juu mara mbili, ni moja."

Akaanza kufikiri kwa sauti mbele yao, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Nikimchukua Udaweda, wanawake watafunguka. Lakini ana lugha moja. Nani atamtafsiri mtafsiri? Nikimchukua Gidahosh, wagonjwa wengi atawahudumia peke yake. Lakini jana, peke yake, alisema 'anakataa', na tungemlaza yule mtoto wa watu usingizi. Nikimchukua Atuganile, daktari atakuwa na masikio. Lakini daktari anajifunza Kiswahili kila jioni, akishakijua, je?"

"Metroni," Gidahosh akasema, "mimi sina aibu. Nina watoto, na msimu wa watalii umekufa. Nakitaka kiti." Kisha akaongeza, "Lakini ukinipa, nitakuwa nakikalia upande mmoja tu."

Udaweda aliposikia akasema jambo, na Gidahosh hakulifupisha. "Mimi nimesikiliza watu maisha yangu yote," akatafsiri, "na hii ni mara ya kwanza nimeitwa kazini kwa sababu hiyo. Nimeipenda."

Simu ya Atuganile ilikuwa mfukoni mwake, na ndani yake ujumbe wa mama: mjomba anauliza. Alikitaka kiti kile mpaka vidole vikamuuma. Na alipowatazama wenzake wawili, hakuona mahali pa kusimama ambapo asingekuwa amemkanyaga mmoja wao.

"Twendeni tukamwulize mwenyewe," Mama Fabiola akasema hatimaye.

Mke wa Gisamoda alikuwa ameegemea mto, mtoto kifuani. Daktari Wen alikuwa akikagua kidonda. Akaomba naye aelewe kinachoulizwa. Wakajipanga tena bila kuambiwa, kila mtu mahali pake. Swali likaenda: kati ya hawa watatu, ni nani aliyekufikisha? Abaki nani?

Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akajibu taratibu, na jibu likapanda ngazi. Udaweda akalipokea, akatabasamu kwa huzuni kidogo. Gidahosh akalipokea, akainamisha kichwa, akalisema kwa Kiswahili, lote, mpaka mwisho. Likabaki la Atuganile, kulivusha kwa daktari.

Angeweza kulipinda. Hakuna mle ndani ambaye angejua. Hakulipinda. Akamgeukia daktari, akasema kama alivyofundishwa:

"Nilimwambia mama huyu, akanisikia. Nikaona midomo ya kaka huyu ikitetemeka, nikajua yamepita hayajapunguzwa. Nikaona daktari anavua glavu binti huyu alipozungumza, nikajua yamefika. Kama mmoja wao asingekuwepo, ningelala, na nisingemwona huyu. Mimi sijui nimshukuru nani peke yake. Wangu nimeshamwona. Hicho kiti chenu, amueni."

Na aliposema "mimi sijui", Atuganile alisikia kwamba, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, neno lile lilikuwa la mgonjwa na lilikuwa lake pia.

Mama Fabiola akarudi ofisini, akaushika mkasi wa kukatia nailoni ya kiti, akaurudisha mezani. Wale watatu wakaketi benchini, wamesogeleana kwa ajili ya baridi, wakingoja mlango ufunguliwe.

Mimi nusu yangu imekwisha. Wao bado wanangoja, nanyi mmeyasikia yote, hamna udhuru. Aliyesikia, aliyethubutu, aliyefikisha. Haya, mkasi huo hapo mezani na kiti ni kimoja: wewe ungemwita nani aingie, na wale wawili wanaobaki kwenye benchi ungewatazamaje?